Mizani ya Kalnupe

Miaka ishirini na mitatu nilikaa kibandani
langoni mwa kiwanda cha sukari, Kalnupe,
nikipima matrekta yakiingia na viazisukari,
nikipima yakitoka matupu.
Hesabu yangu ilikuwa moja tu:
kilichoingia, toa kilichotoka.
Kinachobaki ndicho tulicho nacho.

Leo kijana kutoka Riga, Edvins,
amekuja na projekta yake
kutuadhimishia miaka ishirini ya Muungano.
Ukumbi ni darasa la nne. Darasa la nne halina watoto siku hizi.
Mstari mwekundu unapanda ukutani
kama paka aliyenusa maziwa juu ya kabati.
"Pato kwa kila kichwa," anasema, "limeongezeka mara tatu."
Tukapiga makofi.
Mimi nikahesabu vichwa, mazoea ya kazi.
Kumi na kimoja.

Sisemi uongo: barabara tunayo,
lami inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi,
na bango la buluu lenye nyota kumi na mbili.
Maji ya bomba hayanuki tena kutu.
Hospitali ya wilaya ina mashine ya kuuona moyo ukipiga;
bila hiyo Skaidrite, jirani yangu,
ningekuwa namwagilia maua ya kaburi lake.
Nimeshukuru. Andika hapo, nimeshukuru.

Ila barabara haijui kwenda bila kurudi,
wala kurudi bila kwenda.
Lami ilipokauka, wa kwanza kuikanyaga
alikuwa mwanangu Gatis, begi mgongoni,
akielekea Ayalandi kuchuma uyoga gizani.
Kisha Inese, mkewe.
Kisha mwalimu wa hesabu.
Kisha daktari wa meno, akaniachia jino
linalonikumbusha jina lake kila theluji ikianguka.

Kiwanda walikifunga kwa barua.
Karatasi nzito, lugha ya adabu:
sukari imezidi ndani ya Muungano,
atakayekubali kuacha atafidiwa.
Tukafidiwa. Nilinunua jiko na miwani.
Mtu kulipwa ili asifanye anachokijua,
hilo, kijana, liko wapi kwenye mstari wako?

Mizani yangu ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.
Alilipa kwa kilo.
Akaizunguka, akaizunguka tena,
akakosa cha kuipimia.
Tulicheka, mimi na yeye, hadi machozi.

Nikanyoosha mkono.
Mkate mmoja, watu watatu.
Wawili wakiondoka,
aliyebaki ameneemeka mara tatu?
Edvins akatabasamu. Ni mtoto mwema,
kola ya shati lake imeshonwa upya kwa mkono.
"Swali zuri, mama," akasema. "Lakini mkate nao umekua."
Na kweli umekua.
Nikakaa. Hapo ndipo paliponishinda:
hakuna aliyekosea kati yetu.

Usiku Gatis hupiga simu.
Mjukuu wangu hunipungia mkono kwenye kioo;
neno letu la "bibi" bado linamkwama.
Kila mwezi yuro mia mbili.
Nazo, kasema Edvins, zina safu yake.

Mwaka huu Wadenmaki wamefungua kiwanda cha madirisha
palepale, juu ya msingi wetu wa zamani.
Wanatafuta watu arobaini.
Tangazo liko langoni tangu Februari,
mvua imeshalifuta tarakimu moja.
Nilikwenda. Nikasema mimi ni mpima mizani.
Wakaniambia, kwa upole, mizani yao inajisoma yenyewe,
ila wanataka mtu wa kufuta vioo kabla havijafungwa.

Nimeanza Jumatatu.
Nikishika kioo kimoja wima, barabara yote inaingia ndani yake.
Jana magari yaliyoingia mjini, tisa;
yaliyotoka, kumi na moja.
Leo bado mapema.