Kijana wa Saa Kumi na Moja

Bosi Likapa alipoiunganisha ile akili ya mashine
na daftari letu la wateja, aliniambia:
"Fidea, sasa pumzika. Itawaandikia yenyewe."

Nikaipa majina mia nne na tisa,
toka Kitangari mpaka Mkunya,
nani alichukua salfa mifuko mingapi,
nani hulipa mnada wa kwanza, nani husubiri wa tatu,
na kwenye kisanduku cha maelezo, mambo yangu madogo:
huyu goti linamuuma. Huyu mkewe kajifungua mapacha.
Huyu usimpigie Ijumaa.

Tangu hapo, saa kumi na moja alfajiri,
Newala ikiwa bado imejifunika ukungu hadi kidevuni,
salamu zinatoka bila mtu.
Haikosei shikamoo, haisahau pole.
Mimi, miaka sita dukani, goti la Bi Somoe
nililiuliza labda mara mbili.
Yenyewe huuliza kila Jumatatu,
kisha, taratibu, kama mgeni anayevuta kiti:
Salfa imefika. Nikuwekee mifuko mingapi?

Juzi Bi Somoe Nampunju kaja kwa bodaboda,
kikapu mapajani, ming'oko bado ina udongo.
Akachungulia nyuma ya kaunta.
"Yuko wapi yule kijana wenu anayeamka mapema?"
Nikaitazama kompyuta, kitaa chake cha kijani.
"Katoka," nikasema.
"Mpe hii. Mwambie goti sasa linakunjika."

Nikatafuta safu ya kuiandika.
Kuna malipo, kuna deni, kuna fursa.
Ming'oko haina safu. Nikaitia kwenye maelezo.

Kesho yake, saa kumi na moja:
Shikamoo Bi Somoe. Asante kwa ming'oko.
Nimefurahi goti linakunjika.
Mwaka jana ulichukua mifuko minane. Mwaka huu mingapi?

Jibu liliingia saa nne, kwa sauti, jogoo nyuma yake:
"Marahaba, mwanangu. Hela ya salfa sina.
Na ming'oko sikuleta kwa ajili ya salfa."

Kimya kidogo. Kisha, kwa maandishi ya kijivu:
Mteja hana nia ya kununua. Mazungumzo yamefungwa.

Nikayafungua kwa mkono.
Nikaandika: Shikamoo Bi, huyu ni Fidea.
Nikafuta.
Atajuaje tofauti?

Nilikuwa natafuna ule wa mwisho, umepoa,
chumvi imekolea upande mmoja,
uzi wake umenasa jinoni,
na asante yake
ilishatumwa.