Cheti cha Uhai

Kila Novemba ilifika bahasha ya buluu kutoka Uholanzi
na ndani yake swali moja: je, mlipwaji yu hai?
Ulicheka, Wiebe, ukaifungua kwa kisu cha samaki.
"Wawaulize mbu wa Nong Khai," ulisema.

Halafu ulivaa shati lenye kola,
nikakupakia kwenye pikipiki mpaka kwa daktari Prasoet.
Hakukushika hata mkono. Alikutazama kama mtu asomaye saa,
akagonga muhuri.
Baht mia tatu, na uhai wa mwaka mzima.

Miaka thelathini na minane uliinua daraja kule Franeker,
ukiyasimamisha magari ili boti zipite;
uzeeni daraja likawa linakuinukia wewe.
Tarehe ishirini na tatu fedha zilipita,
zikavuka benki mbili, kila benki ikang'ata kipande,
zikanifikia mezani zimekonda.

Nikazihesabu. Siku zote pungufu.
Gerrit wa nyumba ya pili, mwenye kazi kama yako na miaka kama yako,
alipata zaidi. Nilikuuliza.
Ukasema, ada. Ukasema, kodi. Ukasema, sarafu imeanguka,
ukaenda kumwagilia pilipili zilizokwisha mwagiliwa.

Basi nikajijibu mwenyewe: Jeltje.
Mke wa kwanza, wa Leeuwarden, yule wa picha yenye theluji.
Nilimpikia Jeltje hasira miaka kumi na minne.
Kila mvua ilipovuja jikoni nilitega sufuria
nikasema kwa sauti, ili usikie,
bati letu liko Leeuwarden.
Hukujibu. Ulisogeza sufuria.

Ulikufa Machi, mchana, kiatu kimoja mguuni.
Nikaanza kazi ya kuthibitisha:
kwamba umekufa, kwa Kithai, kisha kwa Kiingereza,
kisha kwa mihuri ya Bangkok, saa kumi ndani ya basi;
kwamba Bualai wa cheti cha ndoa
na Boualay wa pasipoti
na Bualay wa barua zao
ni mwanamke mmoja, ndiye huyu aliyesimama dirisha namba saba,
viatu vikimbana.
Binti wa dirishani aliuliza kama kweli tuliishi pamoja.
Nikamwambia, iulize sufuria.

Agosti ikaja barua. Mpwa wangu Thiwa aliisoma mara mbili,
ya pili polepole.
Siku ulipostaafu ulipewa fomu yenye visanduku viwili.
Cha kwanza: zote zako, na ukifa, basi.
Cha pili: pungufu kwako, kila mwezi, hadi mwisho,
ili atakayebaki alipwe.
Walituma nakala. Ulitia alama cha pili,
ukarudia wino juu ya wino
kama mtu aogopaye haitaonekana.
Tarehe: siku tisa baada ya harusi yetu.

Akiba haiozi, lakini hii uliiacha ioze kinywani.
Miaka kumi na minne ukinilipia ujane
nami nikikutukana kwa sababu ya bei yake.
Ungeniambia tu.
Ningekupikia ile supu yako ya njegere, isiyo na pilipili,
isiyo na chochote,
bila kununa.

Septemba nilinunua bati. Usiku ule ule ilinyesha,
mvua ya kuvunja matawi,
nikalala macho nikisikiliza juu.
Sufuria ilikuwa mahali pake. Kavu.
Bado nina hasira nawe, Wiebe, ila sijui niiweke wapi;
Jeltje nimemwandikia kadi, na sina anwani yake.

Leo bahasha ya buluu, jina langu juu yake,
safari hii limeandikwa sawasawa.
Nimeifungua kwa kisu kile.
Prasoet alinishika mkono, akahesabu mapigo
muda mrefu kuliko fomu inavyotaka.
Sikumharakisha.
Siku hizi ni baht mia tano.