Kidole cha Mpingo

Mwanangu Shaweji kaniambia, "Mama, mtumie hela kwa simu,
yaishe."
Yaishe! Kama vile ni bili ya maji.

Miezi saba sasa, ghorofa ya juu yangu hapa Upanga,
Tirza anajifunza kusoma mbele za watu.
Umeme ukikatika, feni zikinyamaza,
sauti yake hushuka ngazi, hupita chini ya mlango,
huja kukaa nami jikoni.
Neno hata moja silijui. Lakini anapojikwaa napajua,
ni palepale kila jioni,
mstari unapopanda halafu ukageuka ghafla,
nami kijiko hunisimama sufuriani.

Jumamosi ijayo anasherehekea miaka kumi na miwili.
Mama yake alinieleza tukianua nguo:
kuanzia siku hiyo mema yake ni yake, makosa yake ni yake,
wazazi wanatua mzigo.
Sinagogi hapa hakuna, watasomea sebuleni.
Gombo linakuja kwa ndege kutoka Nairobi,
limekatiwa tiketi,
litafungwa mkanda kitini kama abiria.

Nikazunguka basi.
Kwa sonara wa Kisutu nikashika hereni, nikazirudisha:
masikio anayo mawili tu, na bibi yake kaniwahi.
Kariakoo nikasimama mbele ya kanga, nikisoma majina,
hili linasuta jirani, lile linamlilia mume,
na huyu ni mtoto, hana mke mwenza.
Manukato? Yatakwisha kabla ya mvua za vuli.

Ndipo nikamwuliza mama mtu: gombo lenyewe husomwaje?
Akasema, kulia kwenda kushoto,
na ngozi ile haiguswi kwa kidole.
Herufi hufuatwa kwa kijiti, nchani kina mkono mdogo.

Nikacheka peke yangu ngazi nzima.
Kulia kwenda kushoto! Kwa kijiti!
Mimi chuoni kwa Bi Mwanahija, Kilwa Kivinje,
msahafu nimeusoma kwa njukuti,
na njukuti hiyohiyo, ukikosea, ilikutafuta vidoleni.

Mwenge. Vifaru, simba, twiga wa kila kimo.
"Nataka mkono," nikamwambia kijana, Mchopa jina lake,
"mdogo, wa kulia, kidole kimoja kimenyooka."
"Mkono wa nani?"
Swali hilo sikulitegemea.
"Wa msichana anayekula kucha."
Akaandika kwa kalamu kiganjani mwake: kucha fupi.

Siku ya kuchukua akataka elfu kumi na tano.
Nikampa kumi na nane.
Akahesabu mara mbili, akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua:
"Mama, tangu nianze kuchonga,
hakuna aliyewahi kupatana bei kwenda juu."
Nikamweleza nilivyoelezwa, kwamba kwao herufi ni namba pia,
na kumi na nane, ukiisoma, ni neno: hai.
"Hai hii hii yetu?"
Hii hii. Mzima. Anayepumua.
Akazitia noti mfukoni polepole.

Alhamisi nikapanda na bahasha ya kaki,
nimeifunga kwa uzi wa cherehani.
Tirza akaifungua, akakiona kidole,
akakiona kile kikucha kilichotafunwa,
mkono wake akauficha nyuma.
Halafu akautoa. Akaviweka sambamba,
cha mpingo, na chake chenye wino.
"Umenichungulia," akasema.
"Nimekusikia. Kuna mahali unajikwaa."
"Unapajua?"

Usiku huu umeme umekatika tena.
Anapanda mstari, anaikaribia kona ile.
Nimezima jiko.