Likizo ya Julai

Jirani alituuliza langoni, "Msiba wa nani?"
maana hapa Molo mtu na mkewe hawaondoki pamoja
Jumanne, wamevaa viatu vya kanisani,
ila kuna maiti mahali.
Gachuhi akamjibu, "Tunaenda kuota jua."
Jirani akacheka, kisha akaacha kucheka.

Tulikuwa tumeuza magunia matatu ya viazi
na ndama ambaye hatukuwahi kumpa jina.
Nilifunga sweta nne. Nilifunga na chupa ya maji moto,
ile ya mpira, iliyovishwa soksi ya kitindamimba wetu
ambaye sasa ana ndevu.
"Hiyo ya nini?"
"Huwezi jua."
Miaka thelathini na moja ya sakitu kuunguza viazi
inakufunza kutoliamini jua la watu.

Kisumu ilitupokea kwa kofi la joto.
Gachuhi hakuvua koti lake la mvua hadi saa kumi,
kwa adabu, nadhani,
kama mgeni asiyekaa kabla hajaambiwa karibu kiti.

Chumba cha kutazama ziwa kilizidi kwa mia saba.
Tukachukua cha kutazama ukuta.
Ukuta wenyewe ni wa duka la zamani, la mawe,
lenye mwaka uliochongwa juu ya dirisha,
tarakimu ya mwisho imeliwa na mvua.
"Ni saba," akasema.
"Ni moja," nikasema.
Tulibishana kwa raha mpaka chai ikapoa,
na chai ya Kisumu haipoi haraka.

Asubuhi tukaenda kuona mwisho wa reli.
Mume wangu alipeperusha bendera ya kijani
stesheni ya Molo miaka kumi na tisa,
akiyatuma mabehewa kule ambako yeye hakuwahi kufika.
Alisimama pale chuma kinapokoma majanini
akatazama kama mtu aliyetuma barua zamani
akaja kuikuta mezani, haijafunguliwa.
"Kumbe ni hapa tu."
Akanunua njugu za shilingi ishirini.

Ziwa nalo halikuwepo.
Magugu yalikuwa yameziba bandari yote,
kijani kibichi, yamechanua maua ya zambarau.
Nikamwambia, "Hata huku kuna palizi."
Kesho yake upepo uliyasukuma upande wa pili
na maji yakawa pale, mengi,
bila maelezo yoyote.

Mhudumu, Akeyo, alituonea huruma:
"Mama, huyu haliwi kwa uma."
Akanionyesha pa kuvunjia, pa kunyonya.
Nilikula mpaka jicho.
Gachuhi alipanga miiba ukingoni mwa sahani
moja moja, kama anayerudisha deni.

Usiku feni ilikoroma, na neti ikatubana.
Tukasukuma blanketi. Tukasukuma shuka.
Mwishowe tukavua.
Molo tunalala tumevaa.
Tulizaa watoto watano na soksi miguuni.
Sikumbuki mara ya mwisho kuuona mgongo wake
wote, kwa wakati mmoja, penye mwanga wa taa ya nje.
Begani palikuwa na kovu refu kama kidole.
"Hili la lini?"
"Mwaka ule wa mafuriko. Behewa. Nilikuambia."
"Hukuniambia."
Kimya. Feni ikageuza shingo, ikarudi.
"Nilidhani uliliona."

Niliweka kiganja pale.
Hakuna aliyesema neno, na joto lilikuwa baya sana,
na hakuna aliyesogea.
Ile chupa ilibaki ndani ya begi,
baridi kama samaki.

Tulipopanda Londiani, ukungu ulikuja dirishani
kutafuta watu wake.
Kila mtu akavaa sweta. Nami nikavaa.
Gachuhi alifunga vifungo kuanzia chini,
kimoja, kingine, bila haraka,
akafika cha juu kabisa
akakiacha wazi.

Ningekifunga mimi, kama siku zote.
Sikukigusa.