Mistari ya Penseli

Chupa mbili mezani, Kamalondo, umeme umekatika.
Kiwanda kimoja, kisiwa kimoja cha Uskoti,
lebo zote mbili zinasema: miaka kumi na miwili.
Moja Kaumba kaileta juzi kutoka Ndola.
Nyingine baba alipewa kazini, Gécamines, mwaka sabini na nne,
akaifungia kabatini pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Tunamimina katika bilauri za chai.
Mpya ina rangi ya majani makavu, inanukia asali,
inaingia kooni bila kubisha hodi.
Ya zamani kizibo kilimomonyoka, tukaichuja kwa leso:
moshi, nta, ngozi ya mkoba wa shule,
kisha, nyuma kabisa ya ulimi, chumvi.
Mujinga anasema mpya ni tamu zaidi, na hataki mjadala.

Mimi nilidhani ilikuwa ikizeeka nasi.
Kumbe wiski hukua ndani ya pipa tu;
ukiitia chupani, umri wake husimama
kama mishahara ya baba.

Ila ilipungua. Tazama ubavuni:
mistari ya penseli, mmoja kila Noeli,
kila mstari chini ya mwenzake.
Mwaka themanini na nane alimchapa Kaumba
kwa upana wa ukucha.
Kaumba hakuwa ameonja.
Hewa ndiyo iliyokuwa ikinywa.

Leo kajimiminia ya zamani mpaka ukingoni.
Hatukumzuia.
“Imechujuka kidogo,” kasema,
“lakini hii nilishailipia.”