Chumvi na Mkaa

Lwitiko mwanangu, sina hasira nawe.
Ulikuja siku ileile niliyokuita,
na koleo, na tesa, na kofia ya sufu,
ukasema, "Mama Tulalumba, magharibi haikukuti gizani."
Fomu uliileta imeshagongwa muhuri.
Nikakupa elfu arobaini na debe la viazi.

Hapa Mafinga hatuogopi shoka.
Marehemu baba Tulalumba alikata misindano miaka kumi na tisa;
mingine ilichovywa dawa, ikawa nguzo,
ikapakiwa malori kwenda kubeba umeme wa watu wengine.
Sisi tukabaki na koroboi na maranda.
Ndiyo maana waya ulipofika mlangoni
sikuuliza ni mkono gani umeuleta.
Hata hilo jina wanalowaita, kishoka,
nililisikia kama jina la kazi tu:
shoka dogo, la kupasulia kuni.

Kisha pasi ikaanza kunilamba.
Kwanza kidole, kama ndama.
Kisha hadi kwenye kiwiko.
Tukajifunza adabu mpya za nyumba:
friji iguswe kwa mgongo wa kiganja,
swichi ya jikoni kwa mpini wa mwiko,
mtoto asikanyage sakafu bila ndala.
Mvua ikinyesha, ukuta wa chumbani ulikoroma
kama paka aliyeshiba.
Mjukuu akauliza, "Bibi, umeme una njaa?"

Juni, kwenye baridi ile ya kupasua midomo,
soketi ikayeyuka, pazia likashika moto.
Nilizima kwa blanketi nililojifunika.

Nikachukua fomu yako, nikaenda ofisini.
Karani akasoma muhuri, akanitazama juu ya miwani.
"Mwenye leseni hii yuko Songea.
Anamtafuta anayetembea na jina lake."

Siku tisa nilitafuta.
Wa kwanza alikuwa na gari zuri, hana karatasi.
Wa pili alikuwa na karatasi, muda wake umekwisha.
Akaja Fundi Chengula, ngazi begani,
kitenge kimefungwa juu ya ovaroli.
Sikuanza na bei. Niliomba leseni,
nikaona haya, kama ninayemdai mgeni kitambulisho mezani.
Akaitoa, imefungwa kwenye nailoni.
"Mwenye nayo, mama, hachukii kuulizwa."

Akazima mein swichi kabla ya kugusa chochote.
Hilo, Lwitiko, wewe hukulifanya.
Akapanda darini, akashuka na waya zako,
nyembamba, za spika za redio,
maungio yamevishwa mfuko wa mkate.
Hakutukana. Alisema tu, "Alikuwa na haraka."

Kisha akauliza, ardhi iko wapi.
Nikamwonyesha shamba.
"Ardhi ya umeme, mama."
Hatukuwa nayo. Miaka miwili nyumba nzima
ilikuwa inaelea.

Akachimba nyuma ya jiko, pale pasipokauka,
akaniomba chumvi na mkaa.
Nikadhani ameshikwa na njaa, nikaanza kumenya viazi.
Kumbe anayelishwa ni shimo:
mkaa, chumvi, mkaa tena, ndoo ya maji,
na fimbo ya shaba katikati,
nyundo ikilia hadi kwa kina Mtewele.
"Umeme ukipotea njia," akasema,
"upite hapa. Usipite kwa mtoto."

Laki mbili na themanini. Nimeuza mbuzi,
na bado nadaiwa.
Sitakudanganya kuwa haikuuma.

Jana usiku nilipiga pasi sare za shule,
peku, juu ya saruji baridi.
Nilipomaliza nikaiwekea friji kiganja, chote,
nikakiacha hapo,
kama unavyomtuliza ng'ombe anayekamuliwa.
Ikatetemeka kidogo. Mashine tu.

Fundi Chengula anatafuta mtu wa kumbebea ngazi
atakayekubali kwenda chuo, Iringa, Januari.
Nimemtajia jina lako.
Lako mwenyewe,
si lile la muhuri.