Kupima Kijiti

Honda niliinunua kwa Shaame Faki wa Kinyasini,
laki tisa taslimu na beberu mmoja juu yake,
maana pesa zilipungua, naye hakutaka ngoja-ngoja.
"Hii hailambi oili," akaapa, "hata tone,"
mkono wake ukipapasa kiti
kama anayeagana na ng'ombe wa maziwa.

Mimi ni bwana mifugo. Konde, Tumbe, Makangale,
nafika bandani kabla umande haujakauka,
na kazi yangu ni kutosadiki neno la mwenye mnyama.
Kila mtu ng'ombe wake mzima
mpaka umtie kipimajoto.

Basi asubuhi ya kwanza, uani,
kuku wakidonoa chini ya injini,
nikafungua kifuniko, nikachomoa kijiti.
Kikavu.
Nchani unyevu kidogo tu, mweusi kama wanja,
haukugusa hata alama ya chini.
Nikajisemea: umeuziwa kiu.

Nikamimina chupa. Nikapima. Bado.
Nikamimina nyingine.
Time, mke wangu, akachungulia dirishani:
"Inakunywa hiyo, yakushinda wewe na chai."

Njia ya Ngezi, katikati ya msitu,
moshi wa buluu ukanifuata mgongoni,
tumbili wakapanda juu wakinizomea,
na oili ikatambaa mpaka kwenye buti langu la kazi.
Safari nzima nilikuwa nayanoa maneno ya kumwambia Shaame.
Yalikuwa makali. Mengine yalikuwa na vina.

Fundi Sleyum hakuitazama honda kwanza.
Alitazama ardhi.
"Ulipimaje?"
Nikamwonyesha: juu ya stendi ya ubavuni,
imelala kushoto
kama mtu anayetegea maneno ya jirani ukutani.

"Daktari," akasema, "ng'ombe aliyelala ubavu
utajuaje tumbo lake limejaa vipi?"

Akaiwasha dakika tatu. Akaizima.
Akaiacha itulie, huku anatafuta tambara.
Kisha stendi ya kati, kwenye zege lililo sawa,
akakifuta kijiti, akakitumbukiza bila kukikaza,
akakichomoa, akaniletea machoni.
Oili imeipita alama ya juu
kwa upana wa kidole.

Nati ya chini ikafunguliwa.
Ziada ikashuka ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nzito, ya rangi ya halua iliyo bado motoni,
pesa yangu hiyo, ikizunguka polepole.
"Haina ugonjwa," Sleyum akasema. "Umeizamisha."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu.
Sikumwambia lililonikwama kooni:
yule beberu alikuwa anakohoa.
Wiki mbili kabla ya biashara nilimsikia usiku bandani,
kavu, mara tatu, halafu kimya.
Nilimsugua manyoya mpaka yakang'ara,
nikamwambia Shaame, "Mzima huyu, mbegu ya kwanza,"
mimi, mwenye kipimajoto mfukoni.

Siku hizi napima kila Alkhamisi jioni.
Mahali sawa, chombo wima, tambara safi.
Baina ya alama mbili, pale pale,
naandika kwenye daftari la chanjo,
chini ya majina ya ng'ombe:
Honda. Haijapungua.

Hailambi kweli. Hata tone.

Nikaenda Kinyasini.
Shaame aliinama kwanza kwenye ekzosi, akanusa,
akatia kidole ndani, akakitazama,
akatabasamu kama aliyepata salamu za mwanawe.
"Umeitunza," akasema.
Nyuma ya nyumba, beberu akakohoa.
Tukasikia sote wawili.
Yeye akatazama pembeni, kwa adabu,
kama kwamba aibu ilikuwa yake.

Nikashusha mkoba begani, nikatoa sindano.
"Mshike," nikasema. "Asimame wima kwanza."